Mita Mia Mbili na Shikamoo Moja

Kazi yangu ni mita mia mbili. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia naendesha baiskeli za mbio kwa kulipwa, hudhani naongoza njia nzima. Siongozi. Wenzangu wanne kwenye timu hunikinga na upepo kwa saa tatu, hunipa maji, hunivuta mpaka karibu na mstari, halafu hunipisha, na mimi natakiwa nifyatuke kama mtu aliyekanyaga nyoka. Huyo ndiye anayeitwa mmaliziaji. Nilipomweleza mama, alifikiri kidogo kisha akasema, "Kwa hiyo wao wanalima, wewe unavuna." Sijapata maelezo bora zaidi ya hayo, na yananiuma mpaka leo.

Sikufundishwa na mtu. Nilianzia Mkata, pale mabasi yanaposimama, ambako mama huuza mahindi ya kuchemsha kwenye madirisha. Siku moja abiria alishika kifuniko cha hotipoti ili achague hindi vizuri, na dereva akaondoa gari. Kifuniko kikaenda nalo. Hotipoti ilikuwa mpya, ya maua mekundu, na mama aliniangalia mimi, siyo basi. Nikachukua baiskeli ya jirani iliyokuwa imeegemezwa ukutani, nikalifukuza lile basi hadi kwenye matuta. Abiria alinirushia kifuniko dirishani huku kondakta akining'inia mlangoni na kupiga kelele, "Dogo! Wewe mahindi yanakupotezea muda!"

Maneno hayo alishayasahau kabla hajafika Segera. Mimi niliyaandika kwenye daftari.

Daftari lile bado ninalo, na ni aibu. Nilikuwa naangalia video za mbio kwenye simu, nazirudisha nyuma sekunde mbilimbili, naandika mkono ulikuwa wapi, goti lilikuwa wapi. Nilipima urefu wa kiti kwa futi kamba ya fundi cherehani. Kabla ya kutoka nilibonyeza matairi mara saba. Nikipoteza hesabu, naanza upya. Nilipopata nafasi kwenye timu ya Korogwe, kocha wetu, ambaye ni fundi baiskeli na hana subira na mtu asiyekuwa na kutu, aliliona daftari akauliza, "Hii ni baiskeli au unaandika wosia?" Nilicheka pamoja na wengine. Jioni nikaandika: Usilete daftari mbele ya kocha.

Lakini kati ya mambo yote niliyoyaandika, moja sikuliandika, kwa sababu sikujua kama ni jambo.

Nimelelewa na bibi yangu, mama yake mama, Mzigua wa Handeni ndani kabisa. Kwake ulikuwa na ruhusa ya kufeli shule, kuvunja chungu, hata kuanguka mtini ukiwa umekatazwa. Ila hukuwa na ruhusa ya kumpita mtu mzima ukiwa juu ya baiskeli. Ukimwona mzee, unaacha kukanyaga pedeli, unashuka, unainama kidogo, unasema shikamoo, unangoja marahaba, ndipo unapanda tena. Niliwahi kumpita mzee mmoja nikiwa na miaka tisa. Bibi alinirudisha kwa miguu hadi kwa yule mzee, nikamsalimia, kisha akanirudisha nyumbani kwa miguu huku baiskeli nimeibeba kichwani. Tangu siku hiyo miguu yangu haikuhitaji tena amri. Ikiona mvi, inasimama.

Kwenye mazoezi hakuna aliyegundua. Walijua tu kwamba kila tukipita kijijini naachwa, halafu nawafikia mbele nikihema. Kocha alidhani nina tatizo la mkojo, akanishauri kwa upole sana nipunguze chai.

Ukweli ulijulikana kwenye mbio za Handeni mjini, mbele ya watu wote. Mwenzangu anayenivuta, kijana mrefu Msambaa wa Vugiri ambaye hawezi kunyamaza hata akiwa kwenye mlima, alinileta vizuri mpaka mita mia mbili, akapisha pembeni, akapaza sauti, "Haya, vuna!" Nikafyatuka. Nilikuwa mbele kwa baiskeli nzima. Ndipo nikamwona, kando ya kamba, mzee mwenye fimbo na koti la kijivu, amesimama peke yake akinitazama.

Miguu ilisimama. Nilisikia breki kabla sijajua kwamba ni mimi niliyezishika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo."

Vijana wanne wakanipita. Yule mzee aliwageukia watu akasema kwa sauti ya kufurahi kabisa, "Huyu amelelewa!" Kocha alivua kofia, akaiangalia, akaitupa kwenye mtaro.

Nilimaliza wa tano. Nikajificha nyuma ya lori la maji nikatapika, jambo ambalo mimi hulifanya nikishinda na nikishindwa. Yule wa Vugiri alinikuta huko.

"Rafiki yangu," akasema, "mimi nimekuvuta kutoka Mkata mpaka hapa na upepo wote nimekula mimi. Wewe umesimama kuuliza habari za nyumbani."

"Sikuuliza habari za nyumbani."

"Ungepewa nafasi ungeuliza."

Hilo lilikuwa kweli.

Habari za namna hii husambaa haraka. Kwenye timu ya mjini Tanga kuna mmaliziaji mwenzangu, kijana mwenye mapaja kama magogo na tabasamu la mtu anayejua siri yako. Kwenye mbio zilizofuata, zilizoishia Segera, karibu kabisa na mstari tuliwakuta bibi wawili wamekaa kwenye vigoda, wametulia, kila mmoja ana soda mkononi. Nilisimama kwa wote wawili. Baada ya mbio ndipo yule wa Vugiri alipogundua kwamba juu ya mitandio yao wamevaa kofia za timu ya Tanga.

Kocha alijaribu dawa. Kwanza alinikatia boksi la katoni akalibandika pande zote mbili za kofia yangu ngumu, nione mbele tu, kama punda wa mkokoteni. Ilikuwa mbaya zaidi. Nilipokuwa nawaona wazee, niliwasalimia wazee. Sasa sikuwaona, kwa hiyo nilihisi wako kila mahali. Katika mazoezi ya siku moja nilitoa shikamoo kwa nguzo ya umeme, kwa mbuzi aliyekohoa, na kwa askari wa barabarani ambaye tulisoma darasa moja. Askari aliitikia.

Baada ya hapo kocha aliniita dukani kwake. Alikuwa ananyoosha spoku za gurudumu, na hakuinua macho, kwa hiyo nilijua ni jambo zito.

"Mfadhili amesema msimu ujao atalipa mmaliziaji mmoja. Mmoja tu. Mbio za Korogwe ndizo za mwisho. Ukishinda, mkataba wa mwaka ni wako. Usiposhinda, anamchukua yule wa Tanga. Ameshaongea naye."

"Na mimi?"

"Wewe utarudi Mkata kwa mama yako." Akainua macho. "Siyo kwamba nakuchukia. Lakini mimi nafundisha baiskeli. Adabu ulishafundishwa, na imezidi."

Nilirudi Mkata siku hiyohiyo na baiskeli juu ya basi. Njia nzima nilijiona nikiwa na miaka arobaini, nimeshika hotipoti, nikikimbia pembeni mwa madirisha na kuwaambia abiria kwamba zamani nilikuwa mwendesha baiskeli. Sikuwa naogopa umaskini. Niliogopa kwamba katika maisha yangu kulikuwa na kitu kimoja tu ninachokiweza kuliko watu wengine, na nilikuwa nakipoteza kwa sababu nashindwa kutokuwa na adabu kwa sekunde kumi na mbili.

Bibi, ambaye siku hizi anaishi na mama, nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilishuka, nikasalimia, nikakaa. Nilikuwa nimeandika maswali kwenye daftari.

"Bibi, mtu akiwa kwenye mbio, anaweza kusalimia kwa moyo?"

"Kwa moyo? Moyo una mdomo?"

"Na mtu akiwa anafukuzwa na nyuki? Huyo naye ashuke?"

Akafikiri. "Nyuki, hapana. Apite tu. Wewe unafukuzwa na nyuki?"

"Nafukuzwa na vijana ishirini."

"Umewakosea nini?"

"Sijawakosea. Tunashindana nani atatangulia kufika kwenye mstari."

"Kuna nini kwenye mstari?"

Hapo nilitaka kusema maneno makubwa, lakini bibi akikuangalia, maneno makubwa hayatoki. "Hakuna kitu, bibi. Ni chokaa."

Bibi akasema kitu kwa Kizigua ambacho sitakitafsiri. Nikajua hakuna msamaha hapo. Nikainuka kwenda kumsaidia mama kubeba ndoo, na nilipomrudia bibi tena nikaanza kuinama kumsalimia, kwa mazoea, kwa woga, sijui. Bibi akanikatiza.

"Si umeshanisalimia?"

"Nimekusalimia."

"Basi. Shikamoo ni moja kwa siku. Unataka kunizeesha mara mbili?"

Nilisimama pale na ndoo mkononi. Nilikuwa nalijua hilo maisha yangu yote, kama kila mtu anavyolijua. Ukishamwamkia mzee asubuhi, jioni mkikutana unasema tu habari za saa hizi, unapita. Lakini sikuwahi kuliweka karibu na baiskeli. Nikaingia ndani nikaliandika kwa herufi kubwa, nikalipigia mstari mara tatu.

Mbio za Korogwe huanzia mjini, huelekea upande wa Handeni, hugeuza, na kurudi kumalizikia palepale. Maana yake ni kwamba wazee watakaokuwa kwenye mita mia mbili za mwisho ni wazee wanaoishi pale, wanaofungua maduka pale, na wanaoamka mapema. Mbio zilianza saa tatu asubuhi. Saa kumi na mbili nilikuwa barabarani, nimevaa nguo za mbio zinazobana kila mahali, daftari mkononi, nasalimia.

Nilikuwa nimekadiria dakika moja kwa mzee. Sijui kwa nini. Mimi mwenyewe nimelelewa huku.

Wa kwanza alikuwa mzee wa duka la viatu, aliyekuwa anafagia baraza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Hapo tayari dakika imeisha. Nilieleza mimi ni wa nani, wa wapi, mama anafanya nini Mkata, bibi hajambo, miguu yake inaendeleaje, mvua kwetu ikoje. Halafu akaniangalia suruali. "Na hii ndiyo nini?" Nikamweleza. Sikupanga kumweleza, lakini nikianza kusema ukweli mimi huwa sisimami. Nikamwambia kuhusu Handeni, kuhusu mkataba, kuhusu mbuzi. Alicheka mpaka akaketi juu ya fagio. "Kwa hiyo umekuja kuniamkia sasa hivi ili baadaye unipite?"

"Ndiyo mzee. Naomba usikasirike."

"Nikasirike? Subiri unywe chai."

Sikuweza kukataa. Chai ya mtu mzima haikataliwi, hilo nalo limo miguuni mwangu. Kwa bibi anayeuza maandazi nilikula maandazi mawili. Kwa mama mmoja mstaafu wa kiwanda cha mkonge nilipewa uji wa pilipili manga, bakuli zima, akiwa amesimama mbele yangu kuhakikisha. Nyumba iliyofuata walikuwa na mihogo. Nilipofika mwisho wa barabara nilikuwa nimewaamkia wazee ishirini na saba, nimeweka alama ishirini na saba, na nimekunywa vikombe sita vya chai. Habari nayo ilikuwa inanitangulia. Yule bibi wa maandazi alishaanza kunitambulisha kwa watu: "Huyu ndiye yule wa mbuzi."

Kocha aliponiona kwenye mstari wa kuanzia aliniuliza kwa nini tumbo langu limetangulia.

Kwa mbio zenyewe sina mengi ya kusema. Nilikaa nyuma ya wenzangu kama mzigo, nikisikia chai ikitembea. Tulipogeuza, yule wa Vugiri aliniuliza, "Uko sawa?" Nikamwambia nataka kujisaidia. Akasema, "Hiyo ndiyo spidi yenyewe, itunze."

Tukaingia mjini. Alinivuta kupita maduka ya kwanza, mabega yake yakipanda na kushuka, na alipofika mwisho wa pumzi akapisha bila kusema neno, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nikafyatuka. Ubavuni mwangu, gurudumu kwa gurudumu, alikuwa yule wa Tanga.

Wazee wangu walikuwepo wote. Mzee wa viatu, alama. Mama wa uji, alama. Nilikuwa nawaona kwa pembe ya jicho na miguu haikushtuka hata kidogo: tumeshaonana. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa napita mtaa mzima wa watu wazima kwa spidi ya ajabu na hakuna niliyemkosea.

Halafu kutoka nyuma ya bibi wa maandazi akajitokeza mzee ambaye sikumjua. Kanzu nyeupe, kofia, mkongojo, ndevu zote nyeupe. Hakuwa kwenye daftari. Alikuwa ameletwa kwa bodaboda dakika chache kabla, kama nilivyoambiwa baadaye, na alikuwa bado ana kofia ya dereva mkononi.

Mguu wa kulia ukaacha kukanyaga. Nikasikia sauti yangu, nyembamba, kama ya mtoto wa miaka tisa:

"Shikamoo mzeee!"

Na vidole vikaanza kutafuta breki. Bibi wa maandazi akaona. Alikuwa anaijua habari yangu yote, nilikuwa nimempa mwenyewe pamoja na sababu. Akamgeukia yule mzee na kumpigia kelele ambazo nadhani zilisikika mpaka stesheni:

"Itikia haraka, mtoto anachelewa!"

"Marahaba!" mzee akasema kwa kushtuka. "Marahaba mwanangu, pita!"

Vidole vikaachia breki. Lakini mzee alikuwa hajamaliza. Alikuwa amemwona aliye pembeni yangu. Akainua mkongojo.

"Na wewe! Babu yako mzazi unanipita kama nguzo?"

Nilidhani ananisema mimi. Kisha nikasikia, kulia kwangu, sauti ninayoijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani: sauti ya mnyororo uliokoma kuzunguka kwa sababu miguu imekataa.

"Shikamoo babu," alisema yule wa Tanga.

Nilikuwa wa kwanza kupita mstari, na sikuinua mikono. Nilikwenda moja kwa moja mpaka choo cha stendi.

Niliporudi, babu alikuwa amemshika mjukuu wake sikio mbele ya watu wote. "Umenitoa Lutindi asubuhi yote hii na pikipiki, umeniambia simama hapa, halafu salamu napewa na mtoto wa watu?" Yule kijana mwenye mapaja kama magogo alikuwa ameinama, anasema ndiyo babu, samahani babu. Tuliangaliana. Hakuwa na tabasamu lile tena. Alionekana kama mtu niliyekua naye.

Mkataba niliusaini juu ya kiti cha baiskeli ya kocha. Kocha alisoma jina langu mara mbili, akasema, "Msimu ujao, chai kikombe kimoja." Hiyo ndiyo pongezi niliyopewa.

Nilifika Mkata jioni, na mama akaweka hotipoti chini akanikumbatia mbele ya basi zima. Bibi alisubiri nimsalimie. Kisha akauliza, "Wote uliwaamkia?"

"Wote, bibi. Na mmoja zaidi."

"Huyo mmoja, ulishuka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Bibi hakuwepo. Niliinama kurekebisha kamba za viatu, na mgongo wangu bibi anausoma kama gazeti.

Kwa hiyo wiki iliyofuata nilikwenda Lutindi, juu milimani, kwa yule babu. Mimi ni mmaliziaji. Milima siipandi, nalipwa nisiipande. Yule wa Vugiri alinichorea njia kwa furaha isiyo ya kirafiki. Nilikanyaga, nikabadilisha gia, nikakanyaga, nikaomba, nikaishiwa gia. Babu alikuwa amekaa barazani kwake, na mjukuu wake, ambaye kumbe alikuwa anatumikia adhabu, alikuwa anapasua kuni uani. Wote wawili walinitazama nikija kwa muda mrefu sana.

Nilikuwa nimejiandaa kushuka kwa heshima, kama nilivyofundishwa, mguu wa kushoto kwanza. Nilikuwa hata nimeandika. Lakini sikupata nafasi. Nilifika mbele yake nikiwa nasukuma baiskeli kwa mikono, maana nilishashuka kilomita tatu huko chini.